Gari la Harusi Liliponyamaza

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila nikiona gari la harusi linapita hapa Nangwa, watu wamejaa nyuma wanaimba na kupiga paa kwa viganja. Wengine wakiona gari la namna hiyo hutabasamu na kurudi kwenye shughuli zao. Mimi husimama mlangoni mpaka lipite lote, nione nyuma yake kuna nini. Wajukuu zangu hunicheka, wanasema bibi anakagua magari kama trafiki. Nawaacha wacheke, maana hata mimi nikiikumbuka ile siku nacheka, ila kwanza namshukuru Mungu.

Juzi nilimwona kijana mmoja, jina lake nalificha kwa sababu mama yake ni jirani yangu, anavutwa na gari la Noah kutoka upande wa Gendabi. Kamba imefungwa kwenye usukani wa pikipiki yake. Mkono mmoja umeshika usukani, mwingine umeshika simu, na bado akapata nafasi ya kunipungia na kunipa shikamoo. Kwa mkono upi, sijui. Niliitikia marahaba kwa kuwa salamu ya mtoto haiachwi ikaanguka, lakini nilikaa juu ya ndoo mpaka walipopotea. Ndiyo maana nimekuita. Vuta kigoda ukae vizuri, chai iko jikoni, na hiyo pikipiki yako uliyoinunua mwezi uliopita haitakimbia.

Wakati huo nilikuwa msichana, sijaolewa, na nilikuwa na sauti ambayo padri wetu alisema inafika mlimani na kurudi. Simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika huku kwetu. Pikipiki nazo zilikuwa chache, ukisikia mlio unajua ni nani anakuja kabla hujamwona. Mojawapo ilikuwa ya kaka yangu Paskali. Aliinunua ikiwa imeshatumika, kwa mavuno mazuri ya maharage, na aliipenda kuliko alivyotupenda sisi ndugu zake. Alikuwa anaisafisha kwa mswaki. Nasema kweli, mswaki wa meno, na kuna kipindi tulikuwa na wasiwasi kwamba ni uleule anaotumia mwenyewe.

Paskali alichumbia kule juu, Tumati, kwa Mzee Tluway. Unaijua njia. Ukitoka huku kwetu chini ya Mlima Hanang unakwenda tambarare, kisha unapanda ukingo wa bonde, halafu unakuwa juu kwenye baridi na mashamba yamepangana kwenye miteremko. Binti aliitwa Martina, mcheshi, mwenye macho ya kukuchunguza, na alimpenda Paskali wazi bila kujificha. Shida haikuwa Martina. Shida ilikuwa baba yake, maana siku ya kupeleka posa wazee wetu walichelewa. Korongo lilijaa maji wakakaa ng'ambo mpaka jioni. Mzee Tluway aliwapokea, akawalisha, akawaambia kwa upole kabisa kwamba siku ya harusi kama watu wa Hanang watawaweka wageni wake wakisubiri mpaka jua lipinduke, yeye atagawa chakula, watu wale, waende makwao, na habari ya ndoa itazungumzwa upya mwaka mwingine. Angefoka, tungesema ni hasira zitapita. Alisema kwa upole, na hilo ndilo lililotutisha.

Basi harusi ikapangwa baada ya mavuno, miezi ile ya baridi na vumbi. Gari tulilipata kwa Hamisi. Huyu alikuwa rafiki wa Paskali, mtoto wa familia ya wafanyabiashara wa Katesh, na baba yake alikuwa na pikapu ya kupeleka sukari na vitunguu minadani. Hamisi alikuwa Mwislamu na sisi Wakatoliki, lakini nyimbo zetu za harusi alizijua kuliko baadhi ya wanakwaya wangu. Alikuwa na tabia ya kupiga honi kufuata wimbo. Ukiimba yeye anajibu kwa honi, na hakosei pigo hata moja. Tulimpenda sana kwa hilo.

Mpango wa Paskali ulikuwa huu: yeye atatangulia na pikipiki yake imepambwa kwa riboni na maua, sisi tutafuata na pikapu, na akishafika atampakia Martina nyuma yake ampeleke kanisani Tumati nzima ikitazama. Alikuwa amemwahidi hivyo, na Martina alikuwa amewatangazia rafiki zake wote. Alfajiri alipotoka nyumbani na suti yake ya rangi ya maziwa, viatu vinang'aa, mama yangu alitokwa na machozi ya furaha. Nami nilijisikia fahari, nisikufiche.

Pikipiki ikafa tambarare, kabla hatujaanza hata kupanda. Ilikohoa mara chache, ikazima. Paskali akapiga kiki mpaka jasho likamtoka kwenye baridi ile. Hamisi akafungua plagi, akaisugua, akaipuliza, akairudisha. Wapi. Tukaanza kulitazama jua, na kila mtu alikuwa anamfikiria Mzee Tluway na ule upole wake.

Kiongozi wa msafara wetu alikuwa baba mkubwa Boay, kaka wa marehemu baba. Ni yeye aliyekuwa ametulea baada ya baba kufariki. Alikuwa mtu wa maneno machache, anatembea na fimbo yake ya mzeituni, na alikuwa na kicheko kidogo cha puani ambacho ukikisikia unajua umemfurahisha. Alishuka garini, akaizunguka ile pikipiki taratibu, akaonyesha boma lililokuwa karibu na barabara. Akasema tuwaombe wenyeji wa pale waitunze, Paskali apande garini na wenzake, tuondoke. Au kama haiachiki, wasichana wachache washuke, pikipiki ipakiwe kwenye bodi, nao watafute usafiri mwingine nyuma.

Hapo kelele zikaanza, maana hakuna msichana aliyekubali kushuka. Wa kwanza kukataa nilikuwa mimi, nikauliza nikishuka nani ataanzisha nyimbo. Hamisi akasema yeye alishawahi kuvuta pikipiki ya mjomba wake kutoka mnadani mpaka Katesh, kazi ndogo tu. Paskali akadakia hapohapo. Alisema amemwahidi Martina pikipiki, ataifikisha pikipiki, na itapata fundi hukohuko Tumati. Baba mkubwa aliposema tena, mmoja wetu akanong'ona kwamba mzee ameogopa, tukacheka chinichini. Nadhani alisikia. Alikuwa na masikio mazuri.

Kamba iliyokuwepo ni ile iliyomfunga fahali wa karamu yetu, iliyobaki kwenye gari. Paskali akaifunga upande mmoja kwenye chuma cha nyuma cha pikapu, upande wa pili kwenye shingo ya usukani wa pikipiki. Akaifunga kwa lile fundo tunalofundishwa tangu watoto, la kufungia fahali mkorofi, ambalo mnyama akivuta linazidi kukaza ili asijifungue. Wanaume wote wakalivuta kulijaribu, wakalisifu. Mwanangu, katika wafugaji wote waliosimama pale, hakuna aliyejiuliza kama Paskali naye angetaka kujifungua.

Baba mkubwa alikuwa akae mbele na mama yangu, aliyekuwa amepakata keki. Akakataa. "Mimi nitakaa nyuma," alisema, "nimtazame mtoto wangu." Akapanda kwa taabu, akakaa kwenye gunia karibu na mlango wa bodi, mgongo wake ukitugeukia sisi na uso ukimwelekea Paskali, fimbo katikati ya magoti. Hamisi kabla hajawasha gari alitoa kichwa dirishani akatukumbusha kwamba tukitaka asimame tupige paa. Tukaitikia kwa pamoja. Kila mtu huku kwetu anajua hilo, ukiwa nyuma ya gari unapiga paa dereva anasimama.

Kisha nikaanzisha wimbo, na kwa viganja vyangu viwili nikaanza kupiga paa.

Umeshaliona kosa? Sisi hatukuliona. Harusi ya kwetu bila kupiga paa la gari ni msiba, nani angekumbuka kwamba ngoma yetu na kengele yetu ya hatari ni kitu kimoja?

Na kupanda kulikwenda vizuri, ndiyo maana tulijisahau. Kwenye mlima gari linakwenda polepole, kamba imenyooka, pikipiki inafuata kama ndama. Paskali akaanza madaha. Akawa anatupungia, anawainamia watu waliotoka kwenye mashamba, anajifanya waziri. Kina mama wa njiani wakatupigia vigelegele, nasi tukawarudishia. Hamisi akawa anajibu kwa honi. Upepo ulikuwa baridi na mwanga ulikuwa mzuri, ukitazama nyuma unaona nchi yote ya Hanang imelala chini na mlima wetu umesimama peke yake. Nilikuwa na furaha mpaka koo liliniuma.

Tukafika juu. Kutoka pale barabara inakwenda tambarare kidogo halafu inateremka kuelekea kijito, na ng'ambo ya kijito ndiyo unaanza kuona nyumba za Tumati. Hamisi akatazama jua akaona linatukimbia, akakanyaga mafuta. Vumbi likainuka nyuma yetu. Kwanza tulikuwa tunamwona Paskali mpaka kiunoni, baadaye kichwa tu, baadaye hata riboni hatukuziona. Tukaendelea kuimba, tukijua yumo humohumo kwenye vumbi anakuja.

Baadaye sana Paskali alinieleza kilichokuwa kinaendelea huko ndani, na mpaka leo nikikumbuka nahisi baridi. Alisema hakuona mashimo, aliyasikia tu yakimfika mikononi. Alichoona mbele yake ni kipande kifupi cha kamba kinachoingia kwenye vumbi, basi. Akishika breki, kamba inamnyakua. Asiposhika, anahisi anaenda kuligonga gari. Injini imezima kwa hiyo hana honi ya maana wala taa. Alijaribu kuita mdomo ukajaa vumbi. Akafikiria kuifungua kamba, akapeleka mkono kwenye lile fundo, akakuta limekaza kama jiwe.

Kwenye mteremko Hamisi alikutana na shimo akapunguza mwendo. Gari likipunguza, pikipiki haijui. Ikaendelea kuja, kamba ikalegea, ikaanguka chini, ikaingia chini ya gurudumu la mbele la pikipiki. Hamisi akavuka shimo, akakanyaga mafuta tena. Kamba ikakaza ghafla, ikazungusha usukani wote upande mmoja, na pikipiki ikalala na kaka yangu chini yake. Mguu ulinaswa kati ya chuma cha kukanyagia na ardhi. Gari likaendelea kwenda, likimburura bwana harusi.

Niligeuka kwa bahati tu. Nilitaka kuwaonyesha wenzangu kijito. Upepo ukafungua vumbi kidogo nikaona gurudumu limeelekea juu linazunguka, na mkono wa suti ya rangi ya maziwa.

Nikapiga kelele. Nikageukia paa nikalipiga kwa nguvu zangu zote, nalia simama, simama. Na unajua kilichotokea? Hamisi akasikia paa linapigwa kwa nguvu zaidi, akajua wimbo umekolea, akajibu kwa honi. Wenzangu waliponiona napiga kwa kasi ile wakadhani nimepandisha mori, wakaongeza sauti, wakanipigia vigelegele. Mmoja akavua kitenge akawa anakipunga juu ya kichwa changu. Nilikuwa naomba kaka yangu asife, na harusi nzima ikawa inanishangilia. Sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa katikati ya watu wale.

Baba mkubwa alikuwa ameshaona kabla yangu. Alikuwa amepaza sauti, lakini sauti ya mzee ingefika wapi kwenye kelele zile? Akaacha kuita. Akashika mlango wa bodi kwa mkono mmoja, akasimama gari likiwa linakwenda, akatugeukia, akainua fimbo yake juu.

Wewe umekulia huku, unajua. Mzee akisimama akainua fimbo, anataka kuomba dua, na hapo hata anayetaka kupiga chafya anaizuia. Tumelelewa hivyo, mwili wenyewe unatii kabla akili haijauliza. Wimbo ukakatika katikati ya neno. Viganja vikashuka. Kitenge kikashuka. Likabaki lile gari tu na mlio wake, na mlio mwingine nyuma wa chuma kinachokwangua barabara.

Hamisi aliniambia baadaye kwamba alipousikia ukimya ule nywele zilimsimama. Gari la harusi halinyamazi, alisema, labda kama mtu ameanguka. Akaondoa mguu kwenye mafuta, likapungua taratibu, likasimama.

Sikumbuki nilivyoshuka. Nakumbuka tu nimepiga magoti kwenye vumbi na wanaume wanainua pikipiki. Walijaribu kuifungua kamba wakashindwa, yule aliyelisifu fundo asubuhi ndiye aliyekuwa analitukana sasa, mpaka baba mkubwa akatoa kisu akaikata. Paskali alikuwa amelala macho wazi. Uso wote vumbi, bega la suti halipo na ngozi ya chini yake pia haipo, mguu umeanza kuvimba. Mama yangu alikuwa ameshuka na keki mkononi, amesahau kuiweka chini.

Baba mkubwa akainama karibu na uso wake. "Unaitwa nani?" akamuuliza, kumpima kama akili ipo.

Paskali akatema vumbi. "Bwana harusi," akajibu.

Tulicheka, mwanangu. Tulicheka tukiwa tunalia, tumeshikana, wengine wamekaa barabarani, na Hamisi amejiegemeza kwenye gari lake. Baba mkubwa akatoa kile kicheko chake cha puani, halafu akageuka pembeni akajifuta macho kwa kona ya shuka. Ndiyo mara pekee niliyomwona akilia, hata kwenye mazishi ya baba hakulia mbele yetu.

Pikipiki tuliisukuma mpaka boma la karibu tukaiacha hapo, jambo lile lile tuliloshauriwa kulifanya tangu asubuhi. Paskali tukampandisha garini, tukamkalisha juu ya magunia, akafungwa bega kwa kitenge. Tulikwenda polepole. Hakuna aliyeimba, na jua lilikuwa limeshapinduka zamani.

Mzee Tluway alikuwa amesimama mlangoni pa boma lake na mikono nyuma. Wageni wake walikuwa nyuma yake. Baba mkubwa akashuka wa kwanza, akaanza kuomba radhi kwa maneno yale marefu ya wazee, akasema kosa ni letu, tumechelewa tena, na uamuzi wowote tutaupokea. Mzee Tluway alikuwa anamtazama Paskali anayeshushwa garini na watu wawili, kitenge chenye maua begani, kiatu kimoja. Akasogea. Akamgusa kichwani kwa kiganja, kama mtu anayehakikisha. Baba mkubwa akamweleza kilichotokea kwa kifupi, bila kupamba. Mimi niliogopa kuliko kule njiani, maana niliona kaka yangu amenusurika kifo na sasa anakwenda kunyimwa mke.

Mzee Tluway akamwambia Paskali, kwa ule ule upole wake:

"Bwana harusi aliyechelewa, nimemsubiri. Aliyekufa njiani ningemsubiri mpaka lini?"

Kisha akageuka akaagiza maji ya moto yaletwe, na akamwita muuguzi wa zahanati, dada mmoja aliyehamia kutoka Kigoma ambaye alikuwa miongoni mwa wageni. Yule dada alimsafisha Paskali vidonda, akaubonyezabonyeza mguu, akasema mfupa ni mzima. Baba mkwe mwenyewe ndiye aliyeshika beseni.

Martina alipotoka ndani na gauni lake, akamwona mchumba wake, alisimama kidogo. Niliogopa ataangua kilio. Akauliza pikipiki iko wapi. Paskali akainamisha kichwa, akasema imebaki. Martina akasema, "Basi ni vizuri, nilikuwa naogopa kuipanda," akapitisha mkono kwenye bega zima la Paskali akamwambia twende. Wakaenda kanisani kwa miguu, Paskali akichechemea, Martina akimwegemeza, na Tumati nzima nyuma yao. Hapo ndipo nilipopata sauti tena. Niliimba siku ile mpaka nikaishiwa kabisa, na Hamisi, ambaye alikuwa ameliacha gari, alikuwa anaitikia honi kwa mdomo. Tulikula, tukacheza, keki ilikuwa imelala upande lakini ilikuwa tamu. Ukiniuliza harusi nzuri kuliko zote nilizoimba maishani mwangu, nitakutajia ile.

Jioni baba mkubwa alituita pembeni, Paskali na bibi harusi wake, Hamisi, na mimi. Tulijua tutachapwa kwa maneno. Hakutuchapa. Alituomba tu kila mmoja aseme aliona nini. Hamisi akasema kwenye kioo aliona vumbi na migongo ya watu, pikipiki hakuiona tangu kule juu mlimani. Paskali akasema hakuona barabara. Mimi nikasema niliona, lakini sikuwa na namna ya kusema. Akatuuliza kama gari lisiloona nyuma na pikipiki isiyoona mbele vinaweza kufungwa pamoja vikaitwa safari. Akatubariki, akaturudisha kwenye ngoma.

Sasa nisikilize, maana haya nayasema yote wazi usije ukaniambia hukuelewa. Pikipiki haivutwi na gari. Ina magurudumu mawili, inasimama kwa sababu wewe unaisawazisha, na siku inapofungwa kamba usukani si wako tena, ni wa yule aliye mbele asiyekuona. Ikiharibika, ipakie kwenye gari ilale na ifungwe vizuri, hata kama watu itabidi washuke wasubiri gari lingine. Wakinuna, kununa kutaisha. Kama hakuna nafasi, iache kwa watu. Nchi hii haina boma litakalokunyima kona ya kuwekea pikipiki ukibisha na kutoa shikamoo. Au isukume kwa miguu mpaka kwa fundi, na uchoke.

Najua utaniambia kuna siku huna namna, uko porini, mvua inakuja. Nakujua, wewe una maneno. Hata siku hiyo jiulize mara mbili kama kweli huna namna au una haraka tu, maana sisi tulisema hatuna namna na boma lilikuwa linatutazama. Na ukimwona mwenzako anataka kufungwa nyuma ya gari, usimsaidie kukaza fundo. Kamba usiifunge kwenye usukani wa mtu, kwa fundo ambalo mwenyewe hawezi kuliachia kwa mkono mmoja. Na wewe ukiwa ndiye mwenye gari, mwanangu, kataa. Waache wakuite mwoga, lakini kataa. Hamisi sasa ni mzee mwenye magari kadhaa pale Katesh, na dereva wake yeyote akithubutu kuvuta pikipiki anamfukuza kazi siku hiyohiyo. Hasikilizi maelezo.

Na mzee akikwambia jambo ukamwona ameogopa, usimcheke. Huenda anakuogopea wewe. Baba mkubwa tulimzika miaka mingi sasa, na hakuna hata siku moja aliyotukumbusha kwamba alituambia.

Paskali yupo. Unamjua, ni yule babu wa Gendabi anayecheza vibaya kwenye kila sherehe na kusingizia mguu. Usimwamini, alikuwa anacheza vibaya hata kabla. Martina anamwita bwana harusi mpaka leo. Wana watoto, wana wajukuu, na kila mwaka baada ya mavuno tunakutana kwao, nahesabu vichwa vile vidogo vinavyokimbia uani, nawaza jinsi ambavyo vyote vilikuwa vimefungwa kwenye kamba moja ya ng'ombe.

Haya, inua kichwa nikuombee. Mungu akupe pikipiki isiyozima, na ikizima akupe moyo wa kuiacha. Akupe rafiki anayeweza kukukatalia. Miguu yako ikuchukue na kukurudisha, na mama yako asisikie habari zako kutoka kwa watu wengine. Uwe na harusi yenye kelele nyingi, nami nikiwa hai niiimbe. Nenda polepole, mwanangu. Ukichelewa, tutakusubiri.